Viatu Juu ya Friji

Placida Deogratias aliandika mno. Hicho ndicho kilichokuwa kipaji chake, na Aprili ya mwaka juzi nusura kipaji hicho kimng'oe bibi wa watu nyumbani kwake.

Kabla ya kumfuata mumewe London, alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Kyaka, kando ya mto Kagera, kwa miaka kumi na mmoja. Huko alijifunza kanuni moja akaishika kama rozari: kilichosemwa huandikwa, na kilichoandikwa hakichanwi. Shahidi akipiga chafya katikati ya ushahidi, Placida aliandika, "Shahidi amepiga chafya." Hakimu mmoja aliwahi kumuuliza, "Bi Placida, hata hiyo?" Naye akajibu, "Mheshimiwa, na kama chafya ndiyo ukweli wenyewe?" Hakimu akanyamaza. Na hilo likaandikwa.

London alipata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, na aliipenda. Kuosha, kuvalisha, kupika uji, kuhesabu vidonge, kusikiliza. Mwisho wa kila zamu kea, yaani mtunzaji, hutakiwa kuandika kwenye faili la bluu linalokaa jikoni kwa mteja: amekulaje, ameamkaje, kuna jambo gani. Blandina, mwenzake wa kutoka Dar aliyeshika zamu ya jioni katika nyumba hiyohiyo, alikuwa na maneno yake matatu ya kudumu: "Amekula. Ameoga. Sawa." Mteja angejirusha kwa parachuti kutoka dirishani, Blandina angeandika: Amekula. Ameoga. Sawa.

Placida aliandika kurasa tatu. Kampuni ilipoleta utaratibu wa kuandikia kwenye simu, simu ilimgomea, nafasi imejaa, kabla hata hajafika kwenye chai. Akaenda soko la Woolwich, akanunua daftari kubwa la mistari, akaligundisha nyuma ya faili.

"Dada," Blandina alimwambia, "wewe unatunza wazee au unaandika Biblia?"

"Hata Biblia kuna mtu aliiandika," Placida akajibu. "Angekuwa wewe, ingekuwa: Ameumba. Amepumzika. Sawa."

Mteja wao alikuwa Zoya Arkadyevna, Mrusi wa miaka themanini na minne. Aliishi peke yake ghorofa ya nne, katika jengo la Woolwich linaloutazama mto Thames. Alikuja London miaka ishirini na tano iliyopita kumfuata binti yake; kisha binti akahamia Kanada, na Zoya akabaki na mto. Miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Kichwa kilikuwa bado kazini.

Siku ya kwanza walipokutana, Zoya alikuwa kitini, mgongo umenyooka kama mwalimu mkuu.

"Jina lako?"

"Placida."

"Hilo ni nusu. La baba?"

"Deogratias."

Zoya aliliweka jina kinywani kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Placida Deogratiasovna," akasema. "Vizuri. Sasa tunaweza kuheshimiana."

Placida, ambaye kwao mtu mzima haitwi jina tupu kama mbuzi, alimpenda papo hapo. Akamwita Mama Zoya. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja cha kwake: cha Zoya kilitembea na viatu vya theluji, cha Placida kilipanda na kushuka kama vilima vya Bukoba. Waingereza hawakuelewa vizuri hata kimoja. Wao wawili hawakupotezana neno.

Zoya alikuwa mtu wa Veliky Ustyug, mji wa kale wa kaskazini mwa Urusi, mahali ambapo mito miwili, Sukhona na Yug, inakutana na kuzaa wa tatu. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa kuchora kwenye fedha, ile michoro myeusi iliyoupatia mji wake sifa: kijiko kimoja, na ndani yake kanisa, mashua, na mwanamke anayefua, vyote vikaingia mahali pa kutia sukari. Kila asubuhi, uji ukiwa unapoa, alisimulia kwao.

"Veliky maana yake Mkuu," alisema. "Ustyug Mkuu."

"Nani aliwapa ukuu?"

"Mfalme. Lakini sisi tulikuwa tumeshajiita. Yeye alithibitisha tu."

Placida akaweka kijiko chini. "Mama Zoya, wewe ni Mhaya. Hujui tu."

Kwa sababu mtu aliyezaliwa Uhayani hashindwi kirahisi kwa habari za kwao, asubuhi zile ziligeuka mashindano.

"Mji wetu umetajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1207," Zoya alitangaza.

"Sisi tulikuwepo," Placida akasema. "Hatukuwa na karani tu."

"Waingereza hawahawa walipita kwetu kwa mashua, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, wakitafuta manyoya."

"Kwetu pia walipita. Walisahau kuondoka."

"Mto wenu unaganda?"

"Kagera? Upate wapi nafasi ya kuganda? Una safari ya Misri."

Zoya alicheka mpaka uji ukapoa kabisa. Kisha akasimulia jinsi mto wao unavyolala miezi mitano chini ya barafu, magari yakipita juu yake kama lami. Halafu mwezi wa nne, bila kubisha hodi, barafu inapasuka kwa kishindo cha kabati la vyombo lililoangushwa ngazini. Vipande vikubwa kama nyumba vinashuka kutoka mito miwili, vinakutana penye kona, vinabanana mlangoni kama watu wa harusi. Na maji, yakikosa njia, yanapanda mjini. Zoya aliwahi kwenda dukani kwa mtumbwi, akanunua chumvi akiwa amekaa. Mwaka mmoja ilibidi ndege zije kuipiga barafu mabomu.

Mtu mwingine angetabasamu tu. Placida hakutabasamu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili wakati wa vita vya Kagera, na ndege za adui zilikuja kulenga daraja la Kyaka.

"Zenu zililenga vizuri?" aliuliza.

"Barafu ni kubwa. Haikosekani."

"Zetu zilikosa. Wakaja kulilipua kwa baruti, kwa miguu, kama wezi."

Wakageukia dirisha pamoja, wanawake wawili wa mtoni, wakiutazama Thames, mto ambao tangu waujue haujawahi kufanya jambo lolote.

Sasa, mtu wa Ustyug ana desturi yake. Aprili ikiingia, hakuna kitu cha thamani kinachobaki sakafuni. Mazulia yanakunjwa na kupandishwa juu ya meza, viatu vinapanda juu ya makabati, picha za marehemu zinahama rafu ya chini kwenda ya juu. Zoya alikuwa ghorofa ya nne, London, na hakuacha hata mwaka mmoja. Tarehe mosi Aprili viatu vyake jozi nne vilipanda juu ya friji. Tarehe mosi Mei vilishuka.

"Mama Zoya, maji yakifika ghorofa ya nne, London yote imekwisha."

"Itakwisha na viatu vimelowa. Vyangu vitakuwa vikavu."

Placida hakuona cha kubishia. Alipanda kigodani, akapanga viatu juu ya friji, vidole vikitazama mlango. Kisha akaketi, akaandika.

*Tarehe 3 Aprili, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mteja amekula uji bakuli moja na nusu. Vidonge vyote vimemezwa mbele ya mwandishi. Viatu jozi nne viko juu ya friji kwa amri ya mteja, kujikinga na mafuriko.*

*Tarehe 5 Aprili. Mteja ameeleza kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu, kwamba Babu Baridi, yule aletaye zawadi za mwaka mpya kwa watoto wa Urusi, anaishi kwao, msituni, katika nyumba ya magogo, na ana posta yake. Alipoulizwa kama ana hakika, mteja amesema ndiyo, binamu yake hupanga barua huko.*

*Tarehe 8 Aprili. Mteja amesema zamani sana wingu la mawe lilikuja kuuangamiza mji. Mgeni mmoja, Prokopi, mfanyabiashara aliyegawa mali yake yote na kutembea miguu mitupu kama mwehu, akaomba, na wingu likaenda kumwaga mawe yake msituni. Prokopi huyo alitembea na vyuma vitatu vya kuchochea moto. Akivishika vimesimama, mavuno yalikuwa mazuri. Akiviinamisha, njaa. Mteja amesikitika kwamba hapa Uingereza hakuna mtu wa namna hiyo kwenye taarifa ya habari.*

*Tarehe 9 Aprili. Mteja ameutazama mto dakika kumi na nne. Amesema: bado.*

Tarehe kumi Aprili Placida alikuwa sokoni, ameshika chane la ndizi za kupika na kulikagua kama mtuhumiwa, simu yake ilipolia. Alikuwa Priscilla, msimamizi wao ofisini, mwenye sauti ya asali.

"Placida, mpenzi, maelezo yako ni mazuri sana. Yametusaidia mno."

Placida alijinyoosha. Miaka kumi na minne ya ukea alikuwa akiingojea simu ile. "Yamewasaidia kufanya nini?"

"Kumwelewa Zoya. Maskini, hatukujua amepotea kiasi hicho. Tumezipaka rangi ya njano sehemu zote zenye shaka. Babu wa Krismasi, ndege za mabomu, viatu juu ya friji. Jumanne anakuja ofisa wa ustawi wa jamii kumpima. Kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee, nje kabisa, mashambani. Pazuri. Ng'ombe wengi."

Placida alirudisha ndizi mezani. Muuza ndizi alimwambia zimekomaa vizuri, mama, hazina tatizo. Placida akamwambia tatizo si la ndizi.

Jioni hiyo alimsubiri Blandina chini ya jengo, karibu na lifti, akamweleza yote.

"Si nilikwambia?" Blandina alipiga makofi yake ya kusikitika. "Maneno matatu! Mimi nimeandika maneno matatu miaka sita, nani kapelekwa kwa ng'ombe?"

"Nifanye nini?"

"Chana hizo kurasa. Sema zilimwagikiwa na chai."

"Rekodi haichanwi, Blandina."

"Hii si mahakama, ni faili la kea!"

"Ni maneno ya mtu."

"Basi maneno ya mtu ndiyo yanampeleka mtu porini. Hongera, karani."

Usemi huo ulimwingia. Nyumbani hakula. Shekinah, binti yake aliyezaliwa hapahapa London, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alimuuliza ana nini. Placida alimweleza kuanzia barafu hadi ng'ombe. Shekinah akasema kwa Kiingereza chake kwamba mambo yote hayo si yapo kwenye simu, mama, kwani ninyi watu wazima hamtafuti? Placida akamtazama kama malaika aliyeingia na soksi.

Asubuhi alimwambia Zoya kila kitu, akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mshtakiwa anayekiri kosa.

Zoya aligeukia dirisha. Nje boti ya mizigo ilipita polepole, ikiwa na uhakika wa kufika.

"Huko kwa ng'ombe," aliuliza mwishowe, "kuna mto?"

"Nimeangalia ramani. Kuna mfereji."

"Unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, Mama Zoya."

Zoya akaitikia kwa kichwa taratibu. Mkono wake, uliozoea kukata mstari mwembamba kuliko unywele, ulichora mto kwa kidole juu ya blanketi, kisha ukaufuta. Placida aliuona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliona jambo akakataa kuliandika.

"Uliandika uongo?" Zoya akauliza.

"Hata nukta moja."

"Basi, Placida Deogratiasovna, tatizo si mwandishi. Tatizo ni wasomaji."

"Jumanne tushushe viatu, Mama Zoya. Siku moja tu. Akiondoka tunavipandisha."

Zoya alimtazama kama mtu aliyependekeza wamle paka. "Mwezi wa nne? Kwa ajili ya mgeni?"

Viatu vikabaki.

Jumanne kulikuwa na jua, jua lile la London linalotoka kama mtu anayetafuta aliposahau miwani. Placida alifika mapema, akamvalisha Zoya gauni la buluu na bangili ya fedha yenye michoro. Mezani, kando ya zulia lililokunjwa, aliweka vikombe vitatu na lile daftari la mistari.

Ofisa aliitwa Maureen. Aliingia na kompyuta ya begani, kalamu, na mwavuli mrefu mweusi. Placida alimsalimia kwa Kiingereza, lakini alipomwambia "naomba uvue viatu" kwa Kiswahili, kwa kujisahau, Maureen akacheka.

"Ai, Auntie! Kumbe ni Mtanzania! Nyinyi hata mkimfukuza mtu mnasema naomba."

"Na wewe ni Mkenya. Umeingia bila hodi."

"Mlango ulikuwa wazi!"

"Ndipo hodi inapohitajika, mwanangu."

Walicheka, na Placida akafarijika kidogo. Lakini Maureen alivua viatu, akatafuta mahali pa kuviweka, na macho yake yakapanda, yakapanda, yakafika juu ya friji. Akaandika kitu. Placida aliijua sauti hiyo. Ni sauti ya kalamu inayoandika hukumu kabla ya ushahidi.

Maswali yakaanza. Leo siku gani? Zoya akajibu. Mwaka gani? Akajibu. Waziri Mkuu ni nani?

"Wa asubuhi au wa jioni?" Zoya akauliza. "Miaka hii mnabadilisha upesi."

Kalamu ya Maureen ilisita, kisha ikaendelea. "Nitakupa maneno matatu, uyakumbuke, nitakuuliza baadaye. Chungwa. Ufunguo. Meza."

"Chungwa, ufunguo, meza," Zoya akasema kwa uchovu wa mtu anayekabidhiwa mzigo mwepesi.

"Sasa, Zoya, nimesoma hapa." Maureen alifungua karatasi, nakala za daftari, zenye njano nyingi kama shamba la alizeti. "Unasema yule Babu wa Krismasi..."

"Babu Baridi."

"Anaishi kwenu."

"Anaishi. Nje kidogo ya mji. Kuna basi."

Uso wa Maureen ukalainika. Ukaja ule ulaini ambao mzee yeyote huuogopa kuliko ukali, watu wanapoanza kusema naye kama anayeogeshwa. "Na anakuandikia barua?"

"Mimi? Nina miaka themanini na minne. Huandikia watoto."

Maureen akamgeukia Placida, akashusha sauti, akasema kwa Kiswahili, "Auntie, aki nimesikitika. Huyu ameenda."

Placida akasimama. Aliinuka kama alivyoinuka miaka kumi na mmoja kila hakimu alipoingia, mgongo, kidevu, daftari kifuani.

"Naomba kutoa ushahidi."

"Auntie, hii si korti."

"Ndiyo maana inakwenda vibaya. Toa simu yako."

"Simu yangu?"

"Shahidi wa kwanza. Ni yako mwenyewe, hutasema nimempanga. Andika: Veliky Ustyug, V, E, L... Umepata? Sasa tafuta Babu Baridi."

Maureen aliandika kwa kidole gumba, akiwa na uso wa mtu anayemridhisha mama mkwe. Kidole kikasimama. Kikashuka. Kikapanda tena.

"Ati nini?"

"Soma kwa sauti. Hapa tunarekodi."

"Ni kweli. Ako na nyumba. Serikali yenyewe imemweka huko, tangu miaka ya tisini. Ako na posta!" Maureen alimwangalia Zoya. Zoya alikuwa anapuliza chai yake.

"Kuna basi," Zoya akarudia.

"Ushahidi wa pili," Placida akafungua ukurasa. "Tarehe nane Aprili. Prokopi, wingu la mawe, vyuma vitatu."

"Auntie, hiyo haiwezi..." Kidole kikatafuta. "Woi. Mwaka 1290. Wanaamini alifukuza wingu kwa maombi. Na vyuma viko! Hata ya kuinama iko!"

"Mtakatifu Prokopi," Zoya akasema. "Alikuja kutoka nchi za magharibi, mgeni, lugha haijui, watu wakamwona mwehu, wakamfukuza kwenye milango yao. Baadaye wakajenga kanisa kubwa. Ndivyo wanavyofanya. Kwanza wanakupima akili."

Maureen akakohoa.

"Ushahidi wa tatu. Ndege kupiga barafu mabomu."

"Hiyo nakubali tu, Auntie."

"Hapana. Haikubaliwi bila kusomwa."

Akasoma. Ilikuwepo. Kufikia hapo Maureen alikuwa amesahau kompyuta, amekunja miguu juu ya kochi, anatafuta mwenyewe. Akakuta watu wa mji ule walioondoka na mashoka na mikate mikavu, wakafuata mto hadi mto mpaka Asia inapokwisha. Akakuta picha ya nyumba za wafanyabiashara zimejipanga ukingoni, na makanisa nyuma yake, yote yanaangalia maji. "Kumbe ni kuzuri hivi," akasema. Zoya akamwonyesha kwa ncha ya kijiko dirisha la kiwanda alichofanyia kazi. Kwenye picha lilikuwa dogo kama punje ya mchele, lakini yeye aliliona.

Kisha Maureen akajikumbuka. Akashusha miguu.

"Sawa. Mji uko. Nakubali mji. Lakini, Zoya, niambie ukweli, na hii ndiyo nitaulizwa ofisini." Akanyoosha kalamu kuelekea friji. "Hapa ni London. Ghorofa ya nne. Hakuna maji yanakuja. Kwa nini viatu viko huko juu?"

Placida alifunua daftari, akalifunga. Kwa hilo hakuwa na shahidi. Simu haikuwa na jibu la hilo.

Zoya aliweka kikombe chini. Akamtazama Maureen kwa yale macho ya fundi, kisha akatazama dirisha lililojaa jua, kisha akatazama pale mlangoni.

"Ule mwavuli ni wa nani?"

"Wangu."

"Mvua inanyesha?"

"Hapana."

"Jana ilinyesha?"

"Hapana, lakini..." Maureen aliangalia mwavuli wake kana kwamba umemsaliti. "Lakini hii ni London!"

"Na mimi," Zoya akasema, "ni mtu wa Ustyug."

Halafu kitu kilianza mabegani mwa Maureen, kikapanda shingoni, kikatoka kwa mdomo; alicheka hadi akajifuta machozi kwa karatasi yenye njano. "Mungu wangu, Auntie," alisema, "nyanya yangu kule kwetu huweka panga chini ya godoro tangu wanajeshi wajaribu mapinduzi mwaka wa themanini na mbili. Akikuja hapa mtampeleka kwa ng'ombe pia?"

"Ukiandika bila kuuliza, tutampeleka," Placida akasema.

Maureen akakunja karatasi zake, akavaa viatu, akachukua mwavuli kwa aibu kidogo. Mlangoni alimshika Placida mkono. "Nitaandika ripoti vizuri. Lakini na wewe, Auntie, si upunguze kuandika?"

"Nitaongeza maelezo," Placida akasema. "Nilikosa kuandika kwamba ni kweli."

Lifti ilifika. Maureen alikuwa ameshaingia, milango inaanza kujifunga, wakati sauti nyembamba, kali kama ncha ya chuma cha kuchorea, ilipofuata kutoka ndani.

"Chungwa! Ufunguo! Meza!"

Maureen alijipiga paji la uso. Alikuwa amesahau kuuliza. Mlango wa lifti ukajifunga juu ya uso wake uliokuwa unaandika hukumu upya, bila kalamu.

Barua ilikuja wiki ya mwisho ya Aprili. Ilisema mteja abaki nyumbani kwake, afungiwe vyuma vya kushikia bafuni, na kwamba taarifa zake kuhusu mji alikotoka zimehakikiwa na ni sahihi. Priscilla alituma ujumbe kwa kea wote, bila kutaja jina, akiwakumbusha kwamba maelezo mafupi ndiyo bora. Blandina alimsomea Placida ujumbe huo mara mbili, mara ya pili kwa kuuimba.

Tarehe mosi Mei Placida alipanda kigodani, akashusha viatu jozi moja baada ya nyingine, akavifuta vumbi. Walitandika zulia. Zoya aliusogeza mguu wake juu yake, taratibu, kama anayejaribu udongo baada ya maji kupungua. Kisha akautazama mto kwa muda mrefu, mto mpole, wa kahawia, uliokuwa umekosa tena kufanya jambo lolote.

"Imepita," akasema.

Placida akaenda jikoni. Akafungua faili la bluu. Alikaa na kalamu hewani, akimfikiria Blandina, na Priscilla, na ng'ombe wale. Mwishowe akaandika:

*Amekula. Ameoga. Yuko kwake.*

Akayatazama maneno hayo. Yalikuwa ya kweli. Yalimtosha mtu yeyote. Akafunga faili, akavaa koti, akafika hadi mlangoni, akashika kitasa.

Akarudi. Akaketi, akavuta lile daftari la mistari, akapiga mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika: *Maelezo ya ziada.*